Mlo wa Kiitaliano Kisumu: chukua ratiba, acha makopo

Leo naweka kando hifadhidata na Linux, nazungumzia chakula. Msikimbie. Mkinivumilia mtaona bado tuko pale pale tulipozoea, kwenye ile hoja ya nani ana haki ya kubadilisha kitu alichokipokea kutoka kwa mwingine.

Siku hizi hapa Kisumu, hasa kati yetu sisi tunaoishi kwa kuandika programu, umeingia mtindo wa kualikana nyumbani kwa mlo wa Kiitaliano. Si pizza ya kuagiza, la! Mlo wenyewe hasa, sahani moja baada ya nyingine, kuanzia saa mbili usiku mpaka watu waanze kuulizana kama bodaboda bado zipo. Mtindo huo naupenda. Kukaa mezani saa tatu nzima na watu ambao kwa kawaida mnaonana kwenye skrini tu ni dawa. Kinachonikera ni orodha ya manunuzi. Mwenyeji anaingia supamaketi, anatoka na mafuta ya zeituni, zeituni za chupa, sosi ya chupa, kipande cha jibini la Parmesan chenye bei ya samaki wa kulisha meza nzima, na tuna wa kopo. Tuna wa kopo! Mjini Kisumu, ziwa likiwa mwendo wa bodaboda moja!

Na usiku wenyewe ukifika, aliyepika haonekani. Tunakula, tunasifu, tunapiga picha, na yeye yuko jikoni. Awe mama mwenye nyumba, awe dada wa kazi, awe kaka mdogo aliyelazimishwa, atakula baadaye akiwa amesimama karibu na sinki. Halafu tunaita huo mlo wa Kiitaliano, mlo ambao sifa yake kubwa ni watu kukaa pamoja!

Msimamo wangu ni huu: cha kuiga kwa Waitaliano ni ratiba. Bidhaa waachie wao, sisi tunazo zetu. Na wala sisemi hivi kwa uzalendo wa mdomoni. Nasema kwa sababu ukichunguza wanachokula wao, hasa wale wanaoishi kando ya maziwa, utakuta mambo yanayofanana na ya Dunga kuliko yanavyofanana na rafu ya supamaketi.

Ratiba yenyewe si ngumu. Kuna antipasto, kidogo cha kuamsha tumbo. Kuna primo, sahani ya kwanza, kwa kawaida tambi au wali. Kuna secondo, samaki au nyama, ikisindikizwa na contorno, yaani mboga. Kisha dolce, kitu kitamu, na kahawa. Kila sahani ni ndogo. Hakuna inayokusudiwa kushibisha peke yake. Kati ya moja na nyingine watu wanaongea. Basi.

Mimi naiona ratiba hii kama itifaki. Itifaki ya HTTP haijali kama unatuma picha ya Roma au picha ya Kit Mikayi. Inajali mpangilio: nani anaomba, nani anajibu, nini kinatangulia. Na tena, msidhani mpangilio huu ulishuka na Waitaliano kutoka mbinguni. Zamani mezani kwa matajiri wa Ulaya vyakula viliwekwa vingi kwa pamoja, kila mtu akajipakulia alichoweza kukifikia, takriban kama tunavyofanya sisi kwenye harusi. Desturi ya kuleta sahani moja baada ya nyingine ilienea Ulaya katika karne ya 19, na mpaka leo inajulikana kama utumishi wa Kirusi. Kwa hiyo hata ratiba ni ya kuazima. Waliipokea, wakaifanya yao. Kwa nini sisi tukipokea tuambiwe tuchukue na makopo yake?

Najua kuna msomaji ananiandalia jibu: "Lakini ukibadilisha vitu si Kiitaliano tena." Ndugu yangu, hebu tuangalie. Mwaka 1891 mfanyabiashara mmoja aliyeitwa Pellegrino Artusi alijilipia mwenyewe kuchapisha kitabu cha mapishi mjini Florence. Toleo la kwanza lilikuwa na mapishi 475. Watu wakamwandikia barua, huyu anasahihisha, yule anatuma pishi la mama yake, na Artusi akawa anayajaribu na kuongeza. Kufikia toleo la 15, mwaka 1911, mapishi yalikuwa 790. Huo ni mradi wa programu huria kabla ya kompyuta! Mtu mmoja anatunza msimbo, jamii inaleta marekebisho, matoleo yanatoka. Na kitabu hicho ndicho ambacho Waitaliano wengi wanakihesabu kuwa msingi wa upishi wao wa taifa.

Mfano wa pili. Ile sosi ya nyama ya Bologna ambayo watu wanaipigania mtandaoni kama dini, Akademia ya Upishi ya Italia iliisajili rasmi kwenye Chemba ya Biashara ya Bologna mwaka 1982. Mambo yakaisha? Hapana. Mwaka 2023 walisajili pishi lililosahihishwa. Yaani wenye asili yao wametoa toleo jipya, na wewe huku Kondele unaogopa kuweka dhania!

Sasa twende ziwani, maana hapa ndipo penye utamu. Italia nayo ina maziwa. Kaskazini, chini ya milima ya Alps, kuna Ziwa Como. Wavuvi wa huko wana samaki mdogo anayeitwa agone. Wanamtia chumvi, wanamwanika juani, wanampanga na kumkandamiza kwenye kopo ili akae muda mrefu. Akiliwa huchomwa, hutiwa siki na mafuta, na huliwa na polenta. Polenta ni nini? Ni unga wa mahindi uliosongwa kwenye maji ya moto. Samaki mdogo wa ziwa, aliyeanikwa, anayeliwa na unga wa mahindi uliosongwa. Mtu wa Nyanza unahitaji nikutafsirie hapo?

Mtasema polenta ni ya manjano na yetu ni nyeupe. Basi nendeni Venice na Treviso. Huko kuna polenta nyeupe, ya mahindi meupe, na ndiyo wanayoipenda kuliwa na samaki. Ni ugali na samaki, msinizungushe! Na mahindi yenyewe si ya kwao wala si ya kwetu. Yalitoka Amerika, yakavuka bahari baada ya 1492, yakaota kwao na yakaota kwetu. Kwao yalikuwa chakula cha maskini kiasi kwamba wakulima wa kaskazini waliokula polenta tupu mwaka mzima waliugua pelagra, ugonjwa wa kukosa vitamini ya niasini. Leo polenta hiyo hiyo iliyokatwa vipande na kukaangwa inapangwa kwenye sahani za mikahawa ya bei. Sisi kipande cha ugali kilichokaangwa asubuhi tunakiita kiporo, na mgeni akija tunakificha.

Mbuta naye ana kesi yake. Huyu ndiye Watanzania wanamwita sangara. Si mwenyeji wa ziwa hili, aliingizwa miaka ya 1950, akawameza fulu mpaka aina nyingi zikatoweka, na kuanzia miaka ya 1980 viwanda vikajengwa mwambao mzima kumkata minofu ya kupeleka nje, Italia ikiwamo. Mwishoni mwa 1996 Hispania na Italia zilipiga marufuku mbuta kutoka Kenya, Uganda na Tanzania kwa hofu ya bakteria wa Salmonella. Mwaka uliofuata Umoja wa Ulaya wote ukaingia kati, na vikwazo vya aina moja au nyingine vikaendelea kuliandama ziwa kwa miaka kadhaa. Watu wa rika langu mjini hapa wanajua maana yake nyumbani. Mboga ya jioni ilitegemea kama lori la kiwanda limekuja ufukweni au halikuja.

Na minofu ikienda, kilichobaki hapa kilikuwa nini? Mgongo wazi. Kichwa, mfupa na mkia, vilivyopakiwa kiwandani na kukaangwa na akina mama wa Obunga. Mimi nimelelewa na mgongo wazi na sioni aibu, ni mtamu, na umesomesha watoto wengi. Lakini jina lenyewe linasema yote. Tena wapimaji wa vinasaba huko Ulaya wamewahi kumkuta mbuta akiuzwa kwa jina la samaki mwingine wa bei kubwa zaidi. Samaki wetu anavaa jina la kigeni ili apande bei, na sisi tunaenda supamaketi kununua kopo la kigeni ili tupande hadhi. Hapo ndipo hasira yangu ilipo, kama mlikuwa mnaitafuta.

Haya, tuje kwenye utekelezaji. Nimeandaa mlo huu mara kadhaa kwangu, wageni sita mpaka wanane, kwa meko ya gesi ya kilo 6 yenye jiko moja pamoja na jiko la makaa. Oveni sina na siihitaji.

Antipasto: ugali wa jana uliokatwa vidole vya unene wa sentimita mbili, ukakaangwa mpaka upate ganda la dhahabu, juu yake omena waliooshwa vizuri kwa maji ya moto, wakakaushwa na kukaangwa mpaka wavunjike mdomoni. Ndimu, pilipili, kitunguu kilichokatwa nyembamba. Vipande viwili kwa mtu, si zaidi! (Kati ya Aprili na Julai uvuvi wa omena hufungwa upande wetu wa Kenya, kwa hiyo weka akiba mapema.)

Primo: spageti za kawaida za dukani, na sosi ya nyanya za Kibuye zilizoiva hasa, kitunguu saumu, na rehani kama unayo kwenye mkebe nje ya mlango. Jibini? Kusini mwa Italia maskini ambao hawakumudu jibini walikaanga chembe za mkate mkavu kwa mafuta na kunyunyizia juu ya tambi, na mpaka leo wanaendelea. Mkate wa juzi unao. Jambo la kiufundi: Kisumu tuko kama mita 1,130 juu ya usawa wa bahari, na maji hapa yanachemka karibu nyuzi 96, si 100. Dakika zilizoandikwa kwenye pakiti ni za watu wa pwani. Ongeza dakika moja hivi, kisha onja. Usiamini maandishi, jaribu mwenyewe, kama programu yoyote.

Secondo: minofu ya mbuta. Nenda Dunga asubuhi, chagua samaki mzima, mwambie anayekukatia akutolee minofu na akufungie kichwa na mgongo pia, hivyo ni vya mchuzi wa kesho. Minofu ikaushe, ipake unga na chumvi, kaanga kwa siagi. Watu wa Ziwa Como wana sahani yao maarufu ya namna hii hii, minofu ya samaki wao iliyopakwa unga, ikakaangwa na kulazwa juu ya wali. Ukitaka, fanya hivyo kwa mchele wa Ahero, halafu ruka spageti.

Mboga ni osuga. Waitaliano, hasa wa Roma, wanachemsha majani machungu ya cicoria, wanayakamua, halafu wanayageuza kwenye mafuta, kitunguu saumu na pilipili. Ni mtindo ule ule unaotumia kwa osuga au dek, ila wewe ungeweka maziwa. Weka maziwa! UNESCO iliipa Kenya nafasi mwaka 2021 kwa kazi ya kulinda vyakula na mboga za kienyeji. Upishi wa Kiitaliano uliingia kwenye orodha zao mwaka 2025. Ni orodha mbili tofauti, najua, lakini acheni nitambe kidogo.

Kitu kitamu: embe au nanasi. Baada ya hapo chai ya tangawizi. Kahawa ya Kenya inasifiwa duniani, lakini wageni wangu wakinywa kahawa saa nne usiku watanipigia simu saa nane kuniambia hawajalala.

Sasa mpishi. Hapa ndipo ratiba inapofaa kuliko zote. Siri ni kutenganisha kazi zinazoweza kungoja na zisizoweza. Sosi ya nyanya inangoja, tena inakuwa tamu zaidi, kwa hiyo ipikwe mchana. Osuga wachemshwe na kukamuliwa mchana. Omena, chembe za mkate na nanasi vyote viwe tayari kabla jua halijatua. Zisizongoja ni mbili tu, tambi na samaki. Antipasto ikienda mezani, maji ya tambi yako kwenye gesi tayari yanachemka, na aliyepika ANAKAA. Anakula na wengine. Kisha anasimama dakika kumi kwa ajili ya tambi, anakaa tena. Anasimama tena kwa samaki, kikaango kwenye gesi na osuga kwenye makaa, anakaa tena. Ameondoka mezani mara mbili usiku mzima. Linganisha na mlo wetu wa kawaida wa wageni, ambapo vyakula sita vinatakiwa viwe moto kwa wakati mmoja kwenye majiko mawili! Huo ndio ugumu unaomfungia mtu jikoni. Sahani moja moja inaonekana kama kazi zaidi, lakini kwenye majiko mawili foleni huwa nafuu kuliko kufanya yote kwa pamoja. Aliyewahi kuendesha seva ndogo ananielewa.

Angalizo: usipange kwa saa. Mwaliko wa saa mbili kwa hapa kwetu ni saa tatu kasorobo. Panga kwa tukio. Mgeni wa mwisho akinawa mikono, ndipo omena wanatoka. Na stima ikipotea haijalishi, gesi na makaa havijui habari za transfoma, na mshumaa unawafanya watu wadhani umekusudia.

Tatizo kubwa ni wageni wenyewe. Mara ya kwanza rafiki yangu mmoja, naye ni mtu wa programu, alipoona vipande viwili vya ugali na omena sita kwenye sahani alinitazama akasema, "Omera, hiki ni chakula ama ni demo?" Waya wangu, yaani shangazi, alikuwa mpole zaidi. Alikula spageti zote, akaweka uma chini, akauliza kwa heshima kabisa, "Sasa ugali inakuja saa ngapi?" Nikamwambia, "Waya, ugali umeshaula, ule wa kwanza." Akacheka, lakini sidhani aliniamini.

Hawana kosa. Wamewekewa programu inayosakinishwa bila kuonyesha imefika asilimia ngapi. Mtu asiyejua kama kuna sahani nyingine atajaza tumbo kwenye ya kwanza, au atakaa na wasiwasi kwamba amenyimwa. Kwa hiyo siku hizi naandika orodha kwenye karatasi, kwa Kiswahili na Dholuo, naiweka katikati ya meza: sahani tano, hii ni ya kwanza, samaki anakuja. Inasaidia sana. Na nasonga ugali mdogo wa pembeni kwa ajili ya waya, ukiwa umefunikwa, unaotoka pamoja na mbuta. Kama watu wa Venice wanaruhusiwa, waya naye anaruhusiwa.

Kilichobaki bila ufumbuzi ni vyombo. Sahani tano mara wageni wanane ni sahani arobaini, na kwangu ziko kumi na mbili. Kwa sasa tunaosha katikati ya mlo, baada ya tambi, wawili wawili kwa zamu, na mwenye cheo kikubwa kazini ndiye anayeanza. Mwenye njia bora aniandikie.